Mama Yako Ameuliza Tumempangia Msimu Gani

Baba Wangechi,

Sitakuuliza habari za huko. Mchungaji alituambia huko hakuna baridi wala maumivu ya magoti, na mtu asiyeumwa na magoti atakuwa na habari gani? Habari ziko huku Naro Moru. Kwa hivyo nyamaza kama kawaida yako, unisikilize.

Umezaliwa. Ndiyo, wewe. Wangechi wetu amepata kijana wa pili huko Afrika Kusini, upande wa Cape. Wa kwanza alipewa jina la baba ya mume wake, yule mzee wa Sagana, na hiyo ni haki yao. Huyu wa pili ni zamu yetu: Ndirangu. Wewe mzima mzima, na mashavu kama viazi vya shamba jipya. Simu ilinipata nikipalilia. Nikapiga vigelegele vitano vya mtoto wa kiume, peke yangu katikati ya mistari, mpaka jirani akaja mbio akidhani ndovu wameingia.

Tangu siku hiyo namwita mume wangu. Wangechi anamwekea simu usoni, namuuliza, "Mume wangu, umekula?" Naye ananitazama vile ulikuwa ukinitazama nikikuuliza ulikuwa wapi. Haki ya Mungu, ni wewe. Lakini sijamshika. Kumbeba kwenye kioo cha simu si kumbeba.

Sasa niache nijivune, maana ukiwa hai ulinikataza na leo huwezi. Mimi niliachia shule darasa la saba, lakini mtoto niliyemzaa, aliyeanza kwa kukata maua kwenye mashamba ya Nanyuki, leo ni msimamizi kwenye shamba la zabibu. Akisema mzabibu ukatwe hapa, unakatwa. Watu wanatoka ng'ambo na ndege, wanazunguka hiyo milima wakionja divai, na divai yenyewe imeanzia kwa mkono wa Wangechi. Niliwaambia kina mama wa kanisa kwamba msichana wangu anatengeneza divai ya Meza ya Bwana. Mama Muthoni, unamjua na mdomo wake, akasema, "Ya Meza ya Bwana? Si yetu ni maji ya matunda?" Nikamwambia hiyo ni ya watu ambao watoto wao hawajafika mahali. Nikasikia utamu mpaka kwenye vidole.

Hapo ndipo nilijifunga, Baba Wangechi. Wangechi alikuwa ameniambia, "Mama, tiketi ni yetu. Wewe chagua tu msimu." Na mimi nikaenda kutangaza kanisani kabla sijachagua. Nikashonewa rinda. Nikanunua sanduku Nanyuki kwa yule Mwislamu wa karibu na soko, kubwa, jekundu, lenye magurudumu. Sasa kila Jumapili Mama Muthoni ananisalimia kwa mikono miwili: "Karibu nyumbani! Safari ilikuwaje? Umetuletea nini?" Na kwenye sanduku kuku amelalia mayai.

Si unakumbuka vile wageni walikuwa wakikuuliza pale barabarani ni mwezi gani mzuri wa kupanda mlima? Ukiwa umesimama na mzigo wao mgongoni, unawajibu kwa heshima, "Januari na Februari, halafu Agosti." Wakitangulia unaniambia kwa Kikuyu, "Msimu mzuri ni ule magoti bado yanakubali." Nilicheka miaka yote hiyo. Sikujua siku moja swali hilo litaletwa kwangu, na nitashindwa.

Mimi nilisema Januari. Nilifikiri kama mtu wa hapa: Januari mlima wetu uko wazi, barabara ni kavu, nani husafiri mwezi mwingine? Wangechi akacheka. Ati kwao Januari ndiyo wanaanza kuvuna zabibu, mpaka Machi hakuna mtu anakaa nyumbani, na jua linachoma. "Utakuja kuangalia ukuta, Mama."

Basi tukasema Aprili, Mei. Anasema hapo majani ya mizabibu yanageuka mekundu bonde zima na hewa inatulia. Lakini huku ni mvua ndefu ya njahi, viazi viko ardhini, na kifua cha mama yako kinaanza kulia kama mlango. Juni mpaka Agosti kwao ni baridi, mvua, na theluji juu ya milima. Sasa nitoke kwenye theluji hii ninayoiona kila asubuhi bure, nikapande ndege kwenda kuona nyingine?

Ikabaki Septemba. Anasema Septemba ni maua kila mahali, mizabibu inachipua, kazi yake ni nyepesi na mtoto atakuwa anaketi. Nikatafuta sababu ya kukataa Septemba. Viazi vimeshauzwa. Ng'ombe jirani atamkamua. Mvua ya mwere, ile fupi, bado. Nilitafuta, Baba Wangechi, na sikupata hata moja.

Sababu ilikuwa imeketi kwenye kiti mlangoni ikiota jua.

Mama yako miguu imekataa kabisa. Namwosha, namlisha, namgeuza. Akili ni kali kama panga jipya, ni mwili tu umegoma. Usifikiri sikujaribu. Dada yako alimchukua akamweka kwake Kagio, nyumba nzuri, joto zuri, nyanya na mchele tele. Hakumaliza wiki. Alikataa kula. Akamwambia dada yako, "Mlima wa huku umenipa mgongo. Mtu anaamka asubuhi aangalie nini?" Akarudishwa. Na tangu ututoke, hataki mkono mwingine ila wangu. Mjukuu wa jirani alijaribu kumlisha, akafunga mdomo kama mtoto wa nasari.

Wiki iliyopita Wangechi alipiga simu ya mwisho ya kuuliza. Nilikuwa jikoni namenya viazi, mlango wazi, mama yako pale nje. Nikamwambia, "Septemba hii hapana. Labda ile nyingine. Tutaona vile mambo yatakuwa."

"Mambo gani, Mama?"

"Mambo tu."

Kutoka mlangoni nikasikia, "Mambo ni mimi."

Kisu kilisimama. Akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeongea juu ya mbegu. "Mmenipangia msimu gani? Msiniweke kwa njahi, kaburi linajaa maji. La Ndirangu lilijaa, niliona. Januari nayo udongo ni mgumu, vijana watachimba wakinitukana. Julai hakuna mtu anataka kusimama nje na baridi hiyo, hata wimbo hauimbiki." Akafikiri. "Mwaka wote hauna nafasi. Basi mtangoja."

Akacheka, na meno hana. Na mimi nikacheka, nikacheka mpaka nikalazimika kukaa chini, na nikiwa chini sikuwa nacheka tena. Kwa sababu ni kweli. Kila nilipohesabu miezi ya zabibu nilikuwa nahesabu na yake. Sikuwahi kusema kwa mdomo. Sikumwombea mabaya hata siku moja. Lakini moyo una kalenda yake, na yeye aliisoma akiwa ameketi mlangoni.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Wacha hiyo. Wewe ukienda utamwona mume wako. Na mimi nani atanipeleka kwa mwanangu?"

Hapo ndipo nilielewa siko peke yangu kwenye mtego. Nilikuwa naona yeye ndiye kamba. Kumbe sote tunamngoja mtu mmoja, naye yuko mbali ananyonya.

Wangechi alikuwa bado kwa simu, amesikia yote, analia. Nikampa mama yako simu. Sijui kwa nini sikufanya hivyo mapema. Niliogopa ataiangusha. Wangechi akaweka mtoto mbele. Mama yako akamtazama, akamtazama, akasema, "Masikio ni yake." Halafu kabla sijamzuia, akajivuta, akatema mate juu ya kioo, ile baraka ya wazee, pyu, pyu, kifuani pa mtoto hasa. Simu yangu ikalowa yote. Wangechi anapiga kelele, "Mama, sioni kitu! Kuna nini?" Nikamwambia asiguse, amwache mtoto hapo hapo, anabarikiwa.

Sikuifuta mpaka ikakauka yenyewe.

Kwa hivyo siendi. Nimemwambia Wangechi asiniulize msimu tena, nitamwambia mimi. Yeye naye hawezi kuja. Karatasi zake za kazi hazijakamilika, na akitoka huenda wasimruhusu kurudi. Sitakudanganya kwamba nina amani. Nikiamka asubuhi na kuona ule mlima, mimi najiona nimefungiwa nao. Mtoto atatambaa nisimwone, atasimama nisimwone. Naumia, na hakuna wa kulaumu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Lakini nakuahidi hili: mama yako sitamwekea mwezi. Ataondoka siku atakayopenda, hata iwe katikati ya njahi, na tutateka maji kaburini kwa ndoo kama tulivyoteka yako. Atakuwa msafi, ameshiba, na mkono wangu uko chini ya kichwa chake. Hilo waambie hata hao mnaokaa nao, kwamba mke uliyemwacha si mtu wa mchezo.

Ananiita. Ni wakati wa kumgeuza, akilala upande mmoja ngozi inachubuka. Pumzika, Baba Wangechi. Huku bado tuko kazini.

Mimi wako,
Mama Wangechi