Mahindi ya Mama na Sahani Niliyoirudisha

Jumapili, Voi. Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa vumbi jekundu ambao umenilazimisha kuanua nguo kabla hazijakauka. Mwili umechoka. Mkono wa kushoto, wa upande niliokatwa titi, umevimba kidogo kwa kazi ya jana. Lakini moyo uko sawa. Uko sawa kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu.

Nimerudi mchana huu kutoka Rukanga, kwa mama yangu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa mjini. Mwaka juzi nilipata saratani ya titi. Nilifanyiwa upasuaji, nikapata kemo, nikachomwa mionzi, na sasa nameza kidonge kimoja kila siku, nacho nitakimeza kwa miaka. Hayo nimeyaandika sana. Leo naandika jambo ambalo sijawahi kuligusa, kwa sababu nilikuwa naliona ni busara yangu.

Nilikuwa naogopa chakula.

Haikuanza kwa kishindo. Matibabu yalipokwisha watu walinipongeza, wakarudi kwenye shughuli zao, nami nikabaki na mwili ambao sikuuamini tena. Hospitalini kulikuwa na mtu wa kuniambia kila mara, fanya hivi, meza hiki. Nyumbani hakuna. Kitu pekee nilichoweza kukisimamia mwenyewe kilikuwa sufuria.

Hapo simu ikaanza kunifundisha. Mmoja ananitumia ujumbe kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani. Mwingine, nyama nyekundu ni sumu. Mwingine, maziwa usiguse kabisa. Nyanya zinapigwa dawa leo, kesho ziko sokoni. Sukuma wiki inamwagiliwa maji ya mtaro. Mengine yalikuwa na ukweli ndani yake, mengine sijui yalitoka wapi. Mimi yote niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika kwenye mlango wa kabati. Ilipojaa, nikabandika ya pili.

Mwishowe nilikuwa nakula nduma, ndizi za kuchemsha, na mchicha nilioupanda mwenyewe kwenye magunia nyuma ya nyumba. Huo mchicha nao niliuosha maji matano, ya chumvi, ya siki, na mengine. Siku moja nikauosha kwa sabuni ya vyombo. Naliandika hili kwa aibu. Ulitoa povu kwenye sufuria.

Nikaacha kula harusini. Nikaacha kula matangani. Watu wanapakuliwa pilau, mimi nafungua mkebe wangu wa nduma na kujiambia kwamba ninajitunza. Baba Nyambu, mume wangu, alikula pamoja nami zaidi ya mwaka bila kunung'unika. Nilimwona mtakatifu, mpaka siku nilipofua shati lake likawa linanuka moshi wa nyama choma. Nikamuuliza.

"Mama Nyambu," akasema, "mimi niliacha nyama ya nyumba hii. Sikusema nimeacha nyama ya Voi nzima."

Sasa nacheka. Siku ile sikucheka.

Gauni zangu nilizipunguza mara tatu. Mtu mwingine anaweza kujidanganya kuhusu kiuno chake, lakini fundi ana futi mkononi. Nilijua. Nilipunguza tu, nikavaa.

Ila kubwa lilitokea Krismasi iliyopita. Tulikwenda Rukanga, na mama akanipakulia kama anavyonipakulia tangu nikiwa mtoto, sahani imejaa hadi ukingoni. Nikaisukuma pembeni. Nikasema, "Mama, mimi nimekuja na changu," nikatoa nduma mbili za kuchemsha kwenye mkoba. Mbele ya wote. Mama aliichukua ile sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaingia nayo jikoni, na siku nzima hakukaa tena karibu nami.

Nilijiambia atazoea.

Majuma matatu yaliyopita nilikwenda kliniki, na kabla ya daktari wakanipitisha kwa dada wa lishe. Msichana mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu. Akanipima uzito, akaangalia faili, akanipima tena. Halafu akaniuliza jana nilikula nini. Nikamweleza kwa fahari, chakula kwa chakula. Nikamtolea na karatasi zangu, maana nilikuwa natembea na nakala.

Alizisoma zote. Hakunicheka, na kwa hilo nitamshukuru daima.

"Mama, nani alikwambia haya?"

"Simu."

Akachukua kalamu, akaanza kukata mstari mmoja mmoja, na kila alipokata alinieleza. Nyama si adui, kula kiasi, usiiunguze. Mayai kula, yaive. Maziwa kunywa, yachemshwe. Maharagwe, mbaazi, samaki, kuku, hivyo ndivyo vinavyojenga mwili uliopigwa kama wangu. Sukari kidogo kwenye chai haitaniua, ila soda nisizigeuze maji ya kunywa. Pombe niiache. Mboga za sokoni nile, nizioshe vizuri kwa maji safi, na sabuni nibaki nayo kwa vyombo. Chakula kilicholala kipashwe moto hadi kichemke. Mikono ioshwe. Basi.

Chini kabisa alibakisha jambo moja, akalizungushia duara. Nafaka yenye ukungu.

"Hii uiogope kweli," akasema. "Mahindi, njugu, chochote kilichoota ukungu. Ile sumu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Hayo tupa. Mengine, mama, rudi ukale na watu. Umepungua kiasi kwamba sasa naihofia njaa yako kuliko ugonjwa wako."

Nililia nikiwa kwenye benchi pale nje. Sikulia kwa huzuni hasa. Ni kama mtu amenitua mzigo kichwani ndipo shingo ikaanza kuuma.

Kwa hiyo juzi Ijumaa nilimpigia mama nikamwambia, "Kesho nakuja. Nakuja kula." Akasema, "Haya." Hilo tu.

Nilimkuta amechinja kuku. Mhogo ulikuwa jikoni tayari kwa kimanga, unaopondwa pamoja na maharagwe mpaka vinakuwa kitu kimoja. Na alitaka kuchemsha pure pia, mahindi na mbaazi, ili nibebe ya kula Voi. Akanituma ghalani nikachote mahindi.

Nilipofungua gunia, harufu ikanipokea kwanza. Harufu ya nguo iliyofungiwa ikiwa mbichi. Nikaingiza mkono, nikatoa mahindi ya chini. Yalikuwa ya kijivu na kijani, yameshikana. Nikatazama juu nikaona bati lilipotoboka, kisha chini, gunia lilikuwa limekaa kwenye udongo mtupu.

Nilisimama pale ghalani nikitamani kucheka na kulia. Mwaka mzima nimekimbia nyanya na chai. Siku niliyoamua kuacha kuogopa, ndiyo siku niliyokishika kitu cha kuogopwa kwa mkono wangu. Na kilikuwa cha mama.

Mahindi haya si ya kununua. Msimu ule ndovu walipita shamba la jirani mara mbili, la mama wakaliacha, na yeye mwenyewe, na miaka yake sabini na sita, alisimama ukingoni akipiga debe mpaka sauti ikamkauka. Alivuna magunia matatu. Kila aliyepita alionyeshwa.

Ningeweza kunyamaza. Nikatae tu pure, nile kimanga, nirudi zangu Voi. Lakini yeye angeyasaga na kuyala kila siku, peke yake, mimi nikiwa najua.

Nikatoka na konzi ya mahindi. "Mama, haya yameharibika."

Aliyatazama, kisha akanitazama mimi. Uso ukafunga.

"Umeanza tena," akasema.

"Mama, siyo—"

"Krismasi ilikuwa chakula kilichopikwa. Sasa hata ghala langu linakushinda. Ukungu mdogo huu tunauosha, tunaanika, tunakula. Tumekula hivi miaka yote, Wakio."

"Nimekuja kula, Mama. Kuku nitakula, kimanga nitakula, nitakula mpaka unifukuze. Ni haya tu. Yana sumu isiyotoka kwa maji wala kwa moto. Sitaki uyale wewe."

Aligeuka akaendelea kuponda mhogo. Anaponda kwa nguvu kuliko mhogo unavyohitaji. Sikubishana. Nilitandika turubai uani, nikaanza kubeba mahindi kwa ndoo, kidogo kidogo, mkono wa kulia. Nikayamwaga juani, nikakaa chini nikachambua. Mazima huku, mabaya kule.

Baada ya muda kivuli chake kikaniangukia. Akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa turubai, akaanza kuchambua bila kuniangalia. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo alikuwa ananusa. Tulifanya kazi hivyo kwa kitambo.

Halafu akasema, huku ameinama, "Kuna mama mmoja kanisani aliniambia ugonjwa huu mtu hulishwa. Kwamba unatokana na vile ulivyolishwa tangu utotoni."

Mikono yangu ikasimama.

"Uliposukuma ile sahani," akasema, "nikajua na wewe unafikiri hivyo. Kwamba ni mimi niliyekulisha."

Miezi yote hii. Mimi nikihesabu majani ya mchicha, na mama yangu yuko Rukanga peke yake akijishtaki.

Niliinuka nikazunguka turubai, nikapiga magoti mbele yake kwenye mahindi yale. "Mama, nilimuuliza daktari ugonjwa huu umetoka wapi. Hajui. Mtu aliyesoma miaka yote ile aliniambia hajui. Yule wa kanisani amejulia wapi? Sijawahi kufikiri ni wewe. Hata siku moja. Nilikuwa naogopa kila kitu, Mama, hata maji. Nilikuogopesha na wewe. Unisamehe."

Alinishika kichwa. Nywele zangu zimeota tena, fupi, laini kuliko za zamani. Akazipapasa kama anayezichambua nazo.

"Hukusema," akasema.

"Sikusema."

"Na mimi sikuuliza."

Tukamaliza kuchambua. Gunia moja lote lilikuwa bovu, la pili tuliokoa kama nusu, la tatu, lililokuwa juu ya la pili, mbali na tundu la bati, zima kabisa, kavu, linalia kama kokoto. Mama alitaka yale mabaya awape kuku. Nikamwambia kuku hao ndio tunaowala, na mayai yao pia. Akawaza, akaguna, akakubali. Shimo alichimba yeye. Kila nilipotaka jembe alininyang'anya. "Wewe kaa na huo mkono wako." Aliyafukia taratibu, na alipomaliza alisimama akitazama ule udongo kwa muda. Gunia moja na nusu la jasho lake, na alilifukia kwa sababu nimemwomba.

Kisha tukanawa mikono, yeye ananimiminia, mimi nammiminia, na akanipakulia. Sahani imejaa hadi ukingoni, moshi unapanda.

Nikiri: tonge la kwanza nilishindana nalo. Ile sauti ya karatasi za kabatini ilikuja. Nikaiangalia nyama ya kuku, imeiva hadi mfupani. Nikaangalia mikono ya mama.

Nikala.

Sijui niandikeje ladha yake. Mwaka mzima nilikuwa nimesahau kwamba chumvi ipo. Mchuzi ulinitiririka mpaka kiwiko. Nilipomaliza sikuwahi hata kuomba, mama alishachota tena. Hakutabasamu, si mtu wa kutabasamu ovyo, lakini alianza kunisimulia habari za majirani, nani kaoa, nani kagombana na nani, na hapo nikajua tumerudi tulikokuwa.

Leo asubuhi kabla ya kuondoka tuliweka mawe na mbao ghalani, tukayapandisha magunia juu. Kaka yangu ameahidi kuziba bati wiki hii, na nitampigia simu kila siku mpaka alizibe.

Nimefika nyumbani nikabandua karatasi zote mbili za kabatini. Rangi ya mlango imebaki na alama. Baba Nyambu alisimama akinitazama, halafu bila kuuliza akavaa viatu, akaenda buchani. Nimemsikia akipiga mluzi kuanzia getini.

Sitajidai kwamba nimepona hofu. Nyanya nitaziosha. Mchicha wangu wa magunia nitaendelea nao kwa sababu ni mzuri na naupenda. Na zipo siku nitakazosimama mbele ya sufuria nikitetemeka tena, najijua. Je, nitaweza kutofautisha lini ni hatari na lini ni mimi tu? Sina hakika. Lakini sasa nina mtu wa kumuuliza kliniki, na mwingine wa kumweleza Rukanga.

Mwezi ujao nina kipimo cha mwaka. Sijui kitasema nini, na hakuna chakula duniani kitakachonihakikishia jibu.

Nitakwenda nikiwa nimekula.