Nyumba tano za Mama Jeanne

Yaya Béa,

Likasi kuko baridi, lakini mihogo inakauka vizuri. Unakumbuka kile kiongezo nilichoweka kwenye programu yetu ya ramani, kinachohesabu paa kwenye picha za satelaiti? Hapa mtaani Kikula, kilimpa Mama Jeanne nyumba tano. Nikaenda kuhakikisha. Ana nyumba moja, na mabashi manne ya plastiki yametandikwa uani, yamejaa mihogo; kutoka juu yanafanana na paa.

"Acha vile, mutoto yangu," akasema. "Bomba ya maji batatia kwenye kuko manyumba mingi."

Alikuwa ameweka mbele yangu ugali wetu wa bukari na sombe, majani ya mihogo. Nikafungua ramani, nikafuta nyumba nne. Akanyanyua sahani, akaniachia maji ya kunawa.

Unipikie sombe, yaya. Nakupenda, na nina njaa.

Mdogo wako,
Fiston