Mtungi wa Baba Irodi na Lebo ya Sauti Nzito

Velistsikhe, Kakheti
Machi 2, 2019

Mpendwa dada Lamara,

Pokea shikamoo yangu kutoka huku ambako theluji imeanza kuyeyuka na matope yamefika mpaka mlangoni. Mgongo wako unaendeleaje tangu uanze kuvaa ule mkanda? Na yule bibi Assunta unayemtunza, bado anakuamsha kumuulizia marehemu mumewe? Mwambie tunamsalimu, hata kama atasahau kabla hujamaliza kusema.

Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua kila baridi ikizidi, ila mdomo wake hauna ugonjwa hata chembe. Mimi nimenenepa, kama ulivyonitania kwenye simu. Mizabibu tumeshaipogoa, na jirani Gaiozi bado anasimamia kazi ya kila mtu isipokuwa yake.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Naituma na basi la Ijumaa linalokuja huko kwako Bari, pamoja na jibini, unga wa mahindi na zile jozi unazopenda, zilizotungwa uzi na kuchovywa kwenye uji wa zabibu. Kula kwanza, dada, kisha usome. Uliponipigia mwezi uliopita kusema karatasi zako za kuishi huko zimetoka na Pasaka utakuwa nyumbani, Mama alilia kwa furaha. Mimi nilisema hongera, halafu ukaona mtandao umekata. Mtandao haukukata. Nilikata mimi.

Mtungi wa baba yako ni mtupu.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi nikaichana, leo nimeiacha. Ule mtungi wa kona ya ghala, uliofukiwa ardhini, mkubwa kiasi mtu anaingia, ambao Baba Mkubwa Irodi aliujaza mvinyo kwa mikono yake vuli ile ya mwisho, akaufunika kwa jiwe, udongo na mchanga, akasema kitandani mbele yetu sote kwamba haufunguliwi mpaka Lamara wangu arudi, anichotee mwenyewe, anipelekee kaburini na mkate. Uliyaangalia mazishi yake kwenye simu kwa sababu ungetoka Italia usingeruhusiwa kurudi. Mvinyo ule ndio uliokuwa umebaki kati yako na yeye. Nimeumaliza, na hata si kwa kuunywa.

Nikueleze ilivyokuwa. Sitajitetea, nataka tu usikie kwangu kabla hujasikia kwa Gaiozi.

Agosti iliyopita alikuja mchoraji kutoka Tbilisi, binti mmoja anaitwa Tiniko, mwembamba, anavuta sigara kama bomba la treni. Alikuwa amesikia ule mkanda tuliorekodi zamani mezani kwetu, mimi nikiimba sauti ya juu, Gaiozi akitangulia na maneno, na baba yako chini akishikilia sauti yake nzito. Akaja na wazo. Atachora picha tatu za kubandika kwenye chupa, kila picha sauti moja, na kila sauti tuitafutie mvinyo unaofanana nayo. Mtu akinunua chupa zote tatu, awe na wimbo mzima mezani. Nilicheka mwanzoni. Baadaye nikaona picha zenyewe na kicheko kikaisha.

Sauti yangu aliichora kama uzi wa manjano unaorukaruka, haujui utatua wapi. Mama aliitazama akasema, "Ndiye huyu huyu, hatulii hata kwenye karatasi." Sauti ya Gaiozi ilikuwa nyekundu, imejaa vikona, mtu anayebishana bei sokoni. Ya baba yako haikuwa na mengi. Mikanda mipana ya rangi ya udongo uliolowa, mmoja juu ya mwingine, na mahali fulani katikati mwanga kidogo ambao ukiutafuta huuoni, ukiuacha unakurudia. Tangu tulipomzika hakuna anayeshika sauti ya chini hapa kwetu. Tukikaa mezani tunaimba kama watu wanaotembea kwenye sakafu iliyong'olewa mbao.

Tukaanza kazi ya kulinganisha. Tiniko aliziegemeza picha ukutani ghalani, akaufungulia ule mkanda wa nyimbo, nami nikamimina. Unatia mdomoni, unaitazama picha, unasikiliza, na hakuna ruhusa ya kusema mpaka wimbo uishe. Sauti ya juu ilipata mvinyo wake mapema, ule mwepesi wa rangi ya chai. Ya Gaiozi tukaipa ule mwekundu wa zabibu za Saperavi za mlimani, una ugomvi kiasi chake. Tukakwama kwenye ya baba yako. Nilimimina kila nilichonacho.

"Huu unajisifu," Tiniko alisema.

"Na huu?"

"Huu mtamu. Yule mzee alikuwa mtamu?"

"Aliwahi kunirushia ndoo."

"Basi lete mwingine."

Sikuwa na mwingine. Angeondoka siku ile, au ningesema ukweli kwamba sauti ile haina mvinyo, angenielewa, na tungetengeneza chupa mbili tukaishia hapo. Badala yake nikasikia kinywa changu kinasema, "Upo mmoja." Nilitaka kuonekana, dada. Nilitaka yule binti wa mjini ajue kwamba ghala letu lina kitu kinachofika pale picha yake ilipofika. Na nilitaka kumsikia baba yako tena. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alipoona nimechukua koleo nakwenda kwenye ile kona, aliweka sufuria chini.

"Malkhazi, huo si wako."

"Jagi moja tu, Mama. Tuonje tu."

"Jagi moja? Umezaliwa kwenye ghala hili au umeokotwa stesheni? Mtungi ukifunguliwa umefunguliwa."

Alisema kweli, na mtoto yeyote wa Kakheti anaijua. Hewa ikishaingia mvinyo hauna tena siku nyingi mle ndani, hakuna cha kuchota jagi ukafunika ukasahau. Nilijua hivyo huku nikichimba mchanga. Tiniko aliniuliza, "Ni wa nani huu?" nikamjibu, "Wa familia." Mtu yeyote asimlaumu. Hakuambiwa.

Sitakudanganya kuhusu ladha yake, ingawa wewe ndiye uliyestahili kuwa wa kwanza kuisimulia. Ulikuwa mkavu, mtulivu, wenye ladha ya jozi na ya ule ukungu wa asubuhi za kuvuna. Haukuwa na haraka ya kwenda popote. Mkanda ulipofika pale baba yako anapobaki peke yake chini, wengine tukiwa tumevuta pumzi, Tiniko alifumba macho. "Ndiye huyu," akasema. Mimi nililia kama mpumbavu, nikajiambia nimefanya jambo jema.

Jioni ile Mama alinipa njia ya kutokea. Alisema nihamishie mvinyo wote kwenye madumu ya kioo, nijaze mpaka shingoni, nizibe kwa nta, nikuwekee chini ya ngazi. Ungefika, ungekuta si mtungi lakini ungekuta mvinyo wa baba yako. Ningeweza. Madumu yalikuwepo, tena masafi. Lakini kesho yake alikuja mtu wa mgahawa kutoka Tbilisi, akaonja, akaona picha, akasema bila ile ya sauti nzito hanunui hata moja. Nikatia yote kwenye chupa. Kwa fedha ile niliezeka ghala upya. Sasa mvua ikinyesha haivuji, nami hukaa chini ya lile paa jipya nikitamani livuje.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nilirudisha jiwe, nikakanda udongo, nikamwaga mchanga juu, vizuri kuliko alivyofanya baba yako mwenyewe. Mwaka Mpya ulipopiga simu ukasema, "Nionyeshe mahali pa Baba," nilikwenda na simu mpaka kwenye kona nikakuonyesha. Uliubusu ule mchanga kwenye kioo cha simu, ukamwambia avumilie kidogo tu, unakuja. Mama alitoka ghalani. Mimi nilibaki nimeshika simu mbele ya mtungi mtupu, nikitazama uso wako. Dada, katika yote niliyofanya hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Baada ya habari ya karatasi zako, nilipanda gari kwenda Tbilisi kuzitafuta zile chupa nizirudishe nyumbani. Nilidhani watu huweka mvinyo kama huo kwa siku kubwa. Yule mtu wa mgahawa alinikaribisha kwa kahawa, akafurahi kweli kuniona. Chupa za sauti nzito ndizo zilizoisha kwanza, kwa ajili ya picha. Wengine hulowesha lebo kwa maji ya moto wakaibandua wakaenda kuitia kwenye fremu. Nyingi zilikwenda kwenye karamu moja ya watu wa benki. Nikamuuliza kama waliimba.

"Kulikuwa na spika," akasema.

Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na chupa tupu zenye ile mikanda ya rangi ya udongo, zimechomekwa mishumaa. Nilikunywa kahawa yangu yote kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Nikaenda kwa Tiniko, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Ungeniambia ni wa mtu, ningeichana ile picha palepale." Namwamini. Ndiyo maana sikumwambia.

Juzi niliufukua mtungi kuuosha. Unakumbuka sheria ya baba yako, anayeingia ndani kusugua lazima aimbe, ili walio juu wajue bado anapumua. Mama alikaa ukingoni kwenye kigoda. Niliteremka na brashi ya magome ya mti wa cheri, nikaanza kusugua, na sauti haikutoka. Baba yako alikuwa akiimba humo ndani mpaka vikombe vya jikoni vinatetemeka. Mama akagonga ukingo kwa fimbo.

"Malkhazi, imba au toka!"

Nikaimba. Sikuimba sauti yangu, nilijaribu ya kwake, ya chini. Ilikuwa mbaya sana. Mama alinisikiliza, wala hakucheka, yeye anayenicheka hata nikipiga chafya.

"Sugua na huko chini kabisa," akasema. "Mwenyewe anakuja."

Kwa hiyo mtungi ni safi na uko wazi, na safari hii sikuufunika kitu. Ni wako. Ukitaka tuujaze vuli pamoja, tutaujaza. Ukitaka uvunjwe, nyundo nitaileta mimi.

Mama anakusalimu sana, anasema usibebe dawa za goti, ubebe mwili wako tu. Gaiozi naye anakusalimu, na ameapa kwamba siku ukifika hatabishana na mtu mpaka machweo. Kaburi nimelisafisha na uzio nimeupaka rangi, nikamwomba radhi baba yako kwa sauti, ila najua aliyedhulumiwa zaidi ni aliye hai. Kama hutaki nije nanyi makaburini siku ya Pasaka, nitabaki getini na Mama atakushika mkono. Sitauliza kwa nini. Mungu akufikishe salama, akulainishie njia na mgongo, na akupe moyo wa kuingia nyumba hii hata kama mimi nimo.

Limebaki jambo moja. Tiniko alikuwa amejiwekea chupa moja ya sauti nzito kwa ajili ya picha yake, akanipa. Hakuwahi kuifungua. Lakini ilisimama rafuni juu ya jiko majira yote ya baridi, na kizibo naona kimeanza kukauka. Nimeilaza mchangani ghalani. Inawezekana bado ni mvinyo wa baba yako, inawezekana imeshakuwa siki. Mama ananiuliza kila siku kama ni nzima, na kila siku namwambia sijui. Kujua lazima mtu aifungue, na mimi nimeshafungua vya kutosha.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye na kukuogopa,

Malkhazi