Simu Iliyoita Nikioka Mkate

Ata Nakiru, bibi yetu wa gazetini,

Ejok. Usiniitikie bado, nisikilize kwanza, kwa maana nikimaliza huenda usitake salamu yangu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kwetu ni Nyeri lakini naishi Lodwar, nimeolewa na Mturkana ambaye hapa nitamwita Ekal, na tuna wasichana wawili. Kazi yangu ni kuoka mikate nyumbani kwa sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, na Ekal ni fundi wa mabomba ya maji kule kambini Kakuma, nyumbani huja Jumapili moja kwa mwezi, na hata hiyo Jumapili haikuwa yetu, kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba kwao Nakalale na kila jambo la Nakalale humwita yeye, mbuzi wameibwa ni Ekal, mtoto wa binamu anaumwa ni Ekal, watu wamegombania kisima ni Ekal.

Miaka minne alituahidi kutupeleka ziwani wakati wa Krismasi na miaka minne simu iliita tukiwa tumeshafunga mizigo. Sitaki uone kama nilimchukia mama yake, ambaye nitamwita Nabei, hapana, yule mama alinipenda, na kila mara Ekal akiondoka kwao alimtemea mate ya tumbako kifuani, ile baraka yenu, na mimi mwanzoni niligeuka upande nikililia shati ninalofua mwenyewe, halafu nikazoea, halafu nikaanza kuona kwamba siku asipotemewa hata mimi sina raha.

Sasa mwaka jana, Desemba, tulienda. Tulifunga baiskeli mbili juu ya gari, tukapanga nyumba ya makuti ufukweni kwa siku tano, na nikabeba jiko, unga na hamira. Kule netiwaki haishiki ndani ya nyumba wala kwenye maji, inashika tu kwenye kilima kimoja cha mchanga, kwa hiyo wageni wote hutundika simu zao hapo kwenye mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi, ndani ya mfuko wa plastiki na kuja kuziangalia jioni, na mimi niliweka jiko langu chini ya mkoma huo huo kwa sababu kilima kinakinga upepo, na upepo wa ziwa ukishika makaa mkate huungua upande mmoja na upande mwingine unabaki mbichi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Ekal alikuwa chini kwenye mchanga ulioloa akikimbia ameshika kiti cha baiskeli ya kitinda mimba wetu, nawasikia wanacheka, nami nakanda unga wa mkate wa pili huku wa kwanza ukiwa jikoni, simu ya Ekal ikaita. Niliichukua na mikono ile ile ya unga. Alikuwa mdogo wake, nitamwita Lomorukai. Akasema, "Shemeji, ejok. Mama anamwita Ekal. Hatamaliza siku tatu. Mwambie aje sasa." Na mimi, Ata, nilisema, "Ngoja, mkate wangu unaungua. Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilifuta ile simu kwenye orodha, kwa kidole hiki, nikajiambia nitamwambia jioni, jioni ikafika akapanda kilima amebeba mtoto mabegani akauliza kama kuna mtu alipiga nikasema hakuna. Ijumaa kitinda mimba wetu aliendesha baiskeli peke yake kwa mara ya kwanza, Ekal akapiga vigelegele kama mwanamke, tukala mkate na chai. Jumamosi tulitembea ufukweni mpaka miguu ikauma, tukiokota mifupa ya samaki iliyopauka, na ndiyo siku Nabei alikufa, mchana, tukiwa tunatembea.

Jumapili tulipofika nyumbani tulimkuta shangazi yake Ekal ameketi mlangoni petu. Alikuwa amevua shanga zote shingoni, ile alama yenu ya msiba, na Ekal alipoiona ile shingo tupu alikaa chini barabarani kabla hajaambiwa neno.

Kule Nakalale Ekal alimuuliza mdogo wake mbele ya watu, "Kwa nini hukuniita?" Lomorukai akasema, "Nilikuita. Nilitoka hapa giza, nikatembea mpaka penye netiwaki, nikaazima simu ya mwenye duka. Mkeo ndiye aliyeshika." Watu wote wakanigeukia. Ekal akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio unaoniua, "Mama Watoto, alipiga?" Nikasema, "Simu haikuita." Lomorukai akanitazama akasema, "Shemeji! Si uliniambia mkate wako unaungua?" Nikasema kila mtu anajua mimi huoka mikate.

Kumbe Nabei alipoona mwanawe haji alitoa tumbako kinywani mwake, akaifunga kwenye pindo la nguo yake, akamwambia Lomorukai ampe Ekal ajipake kifuani. Lomorukai aliitoa pale. Ekal akakataa, akasema hapokei kitu cha mama kutoka mkono wa mwongo, akasema, "Uliacha mama afe bila mimi ili wanyama wabaki kwako." Lomorukai akalikunja tena lile pindo. Kesho yake aliondoka na mke, watoto na mbuzi wake kwenda upande wa Kaaleng, na huko anachunga peke yake bila ndugu, na tumesikia mwezi uliopita wavamizi walichukua ngamia wa jirani yake na kumpiga mtu risasi ya mguu.

Wiki mbili zilizopita Ekal alikuwa anasafisha simu yake kwa kijiti cha kiberiti, akachokoa kitu kati ya vibonye, akauliza, "Huu unga uliingia lini?" Nikasema labda ni wa hapa nyumbani. Akakitazama kile kipande kidogo, akakiweka juu ya meza, akatoka nje. Hajauliza tena.

Tangu hapo mkate wangu hauumuki vizuri, na kitinda mimba ananiuliza kila siku tutarudi lini ziwani. Ata, nikisema nitapoteza mume. Nikinyamaza, Lomorukai anaweza kufa huko peke yake. Nifanye nini?

Mwenye Unga Mikononi, Lodwar

*

Mwanangu,

Ejok noi. Nimekuitikia kwanza, usije ukasema nilikufukuza.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia anayenisomea anyamaze hapo kwa shangazi aliyevua shanga, nikatoka nje kunywa maji. Mimi ni mama wa kifungua mimba aliye mbali. Simu yangu imetundikwa kwenye mti hapa nje ya nyumba yangu Kakuma, na kwa kuwa sijui kusoma jina kwenye kioo, kila inapoita nadhani ni yeye. Kwa hiyo usitarajie maneno ya asali. Nabei alikaa siku tatu akisikiliza njia, naye hakuwa na simu hata ya kutundika. Mtu anayekufa hulamba midomo yake kwa sababu imekauka, na yule alitunza mate yake kwa ajili ya mtoto. Wewe ulikuwa unakula mkate na chai. Nimekuambia. Sasa limetoka, sitalirudia.

Njoo hapa karibu, tuongee.

Kwamba ulichoka kugawana mume na kijiji kizima, hilo ninalielewa kuliko unavyofikiri. Mimi pia niliolewa na kifungua mimba. Niliwahi kuficha viatu vyake ndani ya kibuyu cha maziwa ili asiende kwa ndugu zake, na alienda miguu mitupu, mjinga yule, akarudi na miiba nikaichomoa mimi. Kutaka siku tano na watoto wako si dhambi. Ungepanda kile kilima na kumpigia kelele, "Ekal, siku hii ni ya kwangu!" ningekupigia makofi. Hata Alhamisi ile, mwoga ni mwoga, nakuelewa. Lakini pale Nakalale, mbele ya watu, ulikuwa na mdomo, na mtu alikuwa amesimama mbele yako anasema kweli, na wewe ukamfanya mwongo kwenye maziko ya mama yake. Hapo ndipo mkono wangu unaniwasha. Ungekuwa hapa ningekufinya.

Unaniuliza kama utapoteza mume. Mwanangu, soma tena barua yako, wewe uliyesoma. Mwanaume amekuta unga kwenye simu yake, simu iliyokuwa imetundikwa mtini penye jiko lako. Amemsikia mdogo wake akitaja mkate unaoungua. Ameuliza mara moja, ameweka kile kipande mezani na kutoka nje. Unadhani alienda kutazama mawingu? Fundi wa mabomba anajua maji yanavujia wapi hata kabla hajachimba. Huyo anajua, au anakaribia kujua, na anakungoja wewe useme, kwa sababu akisema yeye itabidi pia ajisemee mwenyewe alichomfanyia mdogo wake. Kila siku unayonyamaza anazidi kuwa peke yake nyumbani mwako.

Na jambo lingine. Mtu anayetaka siri ikae haandikii gazeti. Umebadilisha majina, vizuri, lakini niambie, ni Waturkana wangapi walifunga baiskeli mbili juu ya gari Desemba kwenda ziwani na mke wa Nyeri anayeoka mikate? Hata mbuzi wa Lodwar wanawajua. Ulitaka Ekal alisome hapa, ili mimi nikusemee. Mimi sikusemei. Nimewaambia watu wa gazeti wakuletee jibu hili mkononi kwanza, na wasilichape mpaka mwezi wa nne uishe. Muda huo ni wako.

Sasa sikia utakachofanya, na usiniletee lakini.

Usingoje Jumapili yake ya kuja. Waache wasichana kwa jirani unayemwamini, panda gari la asubuhi uje Kakuma. Usimwambie kwa simu. Simu imeshawafanyia kazi ya kutosha. Hukuandika kama Ekal ana mkono mwepesi wa kupiga, na mimi sibahatishi na mwili wa mtoto wa mtu, kwa hiyo ukishuka gari usiende kwake, njoo kwangu. Nyuma ya stendi, penye pampu ya maji, uliza Ata Nakiru. Nitatuma mtu amwite Ekal akitoka kazini, jua likiwa bado liko juu. Utamwambia ndani ya nyumba yangu. Mimi nitaketi mlangoni na fimbo yangu ya mkongojo, sitaingilia neno hata moja, labda nikisikia kiti kimeanguka.

Utasema kwa mpangilio ulioniandikia: simu iliita, nilishika, nilifuta, niliulizwa, nilikana. Usianze na miaka minne ya Krismasi. Hiyo ni kweli na siku yake itafika, lakini ukianza nayo atasikia kwamba unamlaumu yeye kwa kifo cha mama yake. Usilie ili akuhurumie. Kama machozi yanakuja yenyewe, yaache.

Huenda akaondoka. Siwezi kukuahidi kitu. Akiondoka, utalala kwangu, na asubuhi mimi na wewe tutatafuta gari la Kaaleng. Akikubali, mtaenda wote wawili. Vyovyote vile unafika kwa Lomorukai, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, na unasema mbele ya mkewe na wazee wa huko kwamba alipiga simu, na kwamba wewe ndiye uliyesema uongo. Kosa ulilifanya mbele za watu, litatoka mbele za watu. Halafu shangazi yule wa shanga naye aambiwe, kwa sababu wanawake ndio watakaosafisha jina la Lomorukai haraka kuliko mkutano wowote.

Na usioke. Najua mkono wako unataka kuoka. Utataka kubeba mkate mkubwa, mzuri, uliofungwa kitambaa, ili mtu apokee mkate badala ya kupokea maneno. Nenda mikono mitupu. Atakayekuchapa kwa maneno, mwache akuchape. Atakayekupa maji, kunywa.

Lomorukai bado anayo ile nguo ya mama yake. Mimi sihitaji kuambiwa. Hakuna mtoto wa Kiturkana anayeweza kutupa kitu cha namna hiyo, hata akiwa na hasira. Ameifunga mahali, labda kwenye mguu wa kitanda, labda shingoni mwa mtoto. Tumbako ya kinywani hukauka, mwanangu. Ikishakuwa vumbi bado inaweza kuloweshwa, lakini mate yatakuwa ya mtu mwingine. Sijui imebakiza unyevu kiasi gani tangu Desemba. Wewe pia hujui.

Gari la Kakuma huondoka Lodwar saa moja. Nitakuwa nimeamka.

Ata wako,
Nakiru