Wamependa Barua Yangu, Jumanne Wanataka Kunisikia

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimesimama kwa sababu tangu Alhamisi kukaa kumenishinda, furaha imenijaa mpaka tumboni na hofu imekuja nyuma yake, na kabla ya Jumanne lazima niamue jambo moja, ndilo ninalokuomba unisaidie.

Ninaitwa Nasipwondi, nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, na kwa miaka kumi na mmoja nimewaandikia watu barua za Kiingereza, za kuomba kazi, za kuomba basari ya shule, za kujitetea wakiitwa na meneja, na si kujisifu lakini barua zangu hufanya kazi, mwezi uliopita tu Zacchaeus, mteja niliyemwandikia, alirudi na beji ya kazi shingoni akaniambia mbele ya watu, "Madam, andika yako sasa, utatuandikia sisi mpaka lini?" Nikacheka, lakini jioni ile nikaandika, nikaomba kazi ya mwandishi wa ripoti kwenye shirika moja la maji upande wa Milimani, na Alhamisi wakapiga simu!

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama aliyepiga aliniuliza kwa Kiingereza kama ni mimi, na mimi, Mshauri, Kiingereza nimekisoma na kukiandika maisha yangu yote lakini kukiongea niongee na nani, wateja ni Kiswahili, nyumbani Kibukusu, sokoni Kijaluo changu cha kuombea bei, basi nikafungua mdomo ikatoka barua. Nikataja majina yangu yote matatu, nikataja sanduku la posta, nikataja tarehe ya siku hiyo, nikasema kwamba kuhusiana na mada iliyotajwa hapo juu naipokea simu yake kwa heshima na taadhima, na mwisho, aki nakwambia ukweli, nikasema mimi ni wako mwaminifu. Yule mama alicheka mpaka nikasikia ameweka simu mezani, kisha akairudia akasema nije Jumanne saa tatu na nibebe kitambulisho, akakata.

Terry, jirani yangu hapa Migosi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga ya mrenda, akasikia yote. "Yawa, Nasi! Kwani wewe unaongea na anwani? Si ungembandikia na stempu!" Terry yuko mapokezi kwenye hoteli, Kiingereza chake kinateleza, anaongea na wageni mpaka wanasahau walikuja kulalamika, lakini akiambiwa aandike ripoti ya zamu anabisha mlango wangu, na za miaka mitatu zote nimeziandika mimi. Basi akapata wazo, tunafanana kimo na rangi, picha ya kitambulisho changu ni ya zamani imefifia, yeye aende Jumanne aongee kwa jina langu, kazi ikipatikana mimi niingie niandike. "Wewe mkono, mimi mdomo," akasema, "wakituona sisi wawili si wamemwona mtu mmoja kamili?" Nimeshamkopesha blauzi yangu ya bluu. Moyo mmoja unasema kazi ni yangu kwa sababu barua ni yangu, mwingine unakataa kabisa, na nikifikiria kwenda mwenyewe naona nitawasomea tena anwani na tarehe. Nifanye nini?

Nasipwondi, Migosi

JIBU

Nasipwondi, mwambie Terry akurudishie blauzi. Leo.

Na hongera! Umewaandikia watu miaka kumi na mmoja, na mara ya kwanza kujiandikia mwenyewe umeitwa. Ruka, piga kelele, majirani watavumilia.

Sasa nikugombeze. Kumtuma mtu kwenye mahojiano na kitambulisho chako ni kosa la jinai, lako na lake. Kabla ya kupewa ukurasa huu niliripoti kesi mahakamani kwa miaka ishirini, na nimewaona watu wasio wezi wakisimama kizimbani kwa wazo lililoonekana la busara siku lilipozaliwa. Hata tuseme mmefaulu. Jumatano yule mama atapita mezani kwako akusalimie. Nani atamjibu? Terry atakuwa amejificha chini ya meza?

Nimeisoma barua yako mara mbili, kama nilivyozoea kusoma taarifa ya polisi, nikiangalia nini kilitangulia na nini kilifuata. Kwanza uliongea. Kisha akacheka. Kisha akakuambia uje Jumanne saa tatu. Alikuwa ameshakusikia, Nasipwondi, sanduku la posta na yote, kabla ya kukupa saa ya kufika. Angeweza kusema watakupigia baadaye. Kila aliyewahi kutafuta kazi Kisumu anajua hiyo maana yake ni hapana. Hakusema. Kwa nini alicheka, mimi sijui, na wewe hujui. Kwamba alikuita baada ya kucheka, umeniandikia mwenyewe.

Kiingereza unakijua. Usichojua ni kwamba barua na maongezi ni kazi mbili. Barua huenda peke yake, na ikifika msomaji hawezi kuiuliza kitu, ndiyo maana unaipakia kila kitu mapema. Jumanne utakuwa pale mwenyewe. Wanakuona, na wakikosa kitu watauliza. Kwa hiyo jibu kila swali kwa sentensi mbili fupi, kisha nyamaza. Ukikosea, sema tena. Nimewahoji wakubwa wa serikali na wauza samaki, na wote hukata sentensi katikati na kuanza upya, na hakuna anayewacheka.

Kazi ya Terry ipo. Kesho akitoka zamu aketi mbele yako akuulize maswali kwa Kiingereza, nyinyi wawili mkichambua huo mrenda. Rekodi kwa simu, usikilize. Neno lolote ambalo usingemwambia mtu aliyeshika mboga mkononi, liache nyumbani. Usikariri chochote. Wakikuuliza kwa nini unaitaka kazi, waeleze habari ya Zacchaeus na beji yake kama ulivyonieleza mimi. Uliieleza bila tarehe wala mada.

Na upate kazi usipate, mfundishe Terry kuandika ripoti yake. Mwajiri wake naye ana haki ya kujua anamlipa nani.

Jumanne saa mbili na nusu uwe mlangoni, umevaa blauzi ya bluu. Salimia, taja jina lako moja, keti. Anwani wanayo tayari, iko juu ya barua yako.