Nguzo ya Kona

Jumatatu, 3 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Nimepandisha ndoo za zege hadi ghorofa ya tatu, magoti yanawaka. Jengo hili lilikwama miaka sita kwenye ghorofa ya pili, tajiri wa kwanza alipoishiwa. Chini wakapangisha ofisi. Tajiri mpya anataka ghorofa tano, liwe refu kuliko yote Karatu mjini. Waliokuwepo tangu msingi ni mimi na Bura, msimamizi wetu. Basi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepita nguzo ya kona. Sikuiangalia. Mwaka ule wa tajiri wa kwanza tulifungua mbao zilizoshika zege siku ya pili tu, zilikuwa za kukodi, mwenyewe anazitaka. Kwa baridi ya huku zege lilikuwa bado bichi. Likamomonyoka, tundu la kuingia kichwa. Bura akasema ziba. Nikaziba, nikapiga lipu. Nilisifiwa.

Alhamisi, 6 Juni
Ufa. Mwembamba kama uzi, kwenye nguzo ileile, juu ya meza ya dada wa ofisi ya bima, chini. Anakunywa chai chini yake.
Nimemwambia Bura. Kacheka, kasema watu wa Nachingwea tunaogopa hata ukungu. Kisha akaacha kucheka.
"Kaka, nina watoto watatu Mbulumbulu. Ukisema, tunaondoka wote."
Yeye ndiye aliyeniombea kazi hapa, mara zote mbili.

Ijumaa, 7 Juni
Jumatatu tunamwaga ghorofa ya nne. Dada wa bima kanipa andazi, kauliza mbona nimekonda. Nimesema baridi. Mwongo mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimesema. Mama injinia alikuja kukagua nondo, nikamshika mkono wa koti kama mtoto. Kagonga nguzo kwa nyundo. Lipu ikadondoka, nyuma yake mifuko ya karatasi ya saruji, mikavu, kama nilivyoishindilia. Hilo hata Bura hakulijua.
"Nani kafanya hivi?"
"Mimi, mama."
Bura alikuwa pale. Akatazama viatu vyake. Sikumtaja.
Watu wa ofisi wametolewa wote kabla ya saa sita.

Jumatano, 12 Juni
Nguzo imezungushiwa vyuma vya kuitegemeza. Mimi nimefukuzwa.
Bura kanikuta stendi, ana begi lake. Asubuhi kamwonyesha injinia nguzo ya pili, ya nyuma, aliyoiziba mwenyewe. Sikujua kama ipo.
Tumekaa benchi moja. Yeye anangoja gari la Mbulumbulu, mimi la Arusha. Kanunua mhindi wa kuchoma, kaukata katikati.