Chai Bado Moto, Sehemu ya Pili

Jumamosi, 8 Januari 1977

Inatoka tena! Sahani yangu inatoka tena!

Rafiki yangu Nafuna amepanda kilima chote cha Nsambya kwa mguu kuja kuniambia, amefika anahema. Ana kibanda cha kuuza sahani za muziki karibu na stendi ya basi, na watu wa treni humletea habari za Nairobi kabla ya redio. Anasema studio inatoa upya nyimbo za soul na fanki za miaka ile, maana vijana wa bugi, madansi ya Jumapili, hawataki kitu kingine. Ya kwanza kabisa ni "Chai Bado Moto". Yangu!

Sishangai. Humu hamna msomaji ila mimi, kwa hiyo naandika wazi: sishangai hata kidogo. Tangu mwaka wa sabini na nne hakuna mwanamke Kampala aliyeimba fanki kwa Kiswahili akanifikia. Wengine wanapiga kopi za Waamerika, wanapasua koo kwa maneno wasiyoyajua. Mimi nilisema jambo moja tu: bwana, usinikimbize, chai bado moto. Kila mtu alielewa.

Mama ameuliza kama Nairobi watatuletea na sukari ya hiyo chai. Hatujaiona tangu Krismasi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 12 Januari

Bwana wa studio ameandika. Amepata utepe mzima, ule ambao hakuukata. Anauliza: atoe kama zamani, au atoe wote, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili?

Ati anauliza! Mwaka ule alikata utamu wenyewe. Pale katikati vyombo vinatulia, nabaki na drams, na ninawaita wapigaji waje na vikombe vyao. "Odur, lete kikombe!" — besi inaitika. "Ongom!" — tarumbeta. "Okullo!" — drams zenyewe. "Anselme!" — gitaa. Kila mmoja mipigo minane, hakuna wa kumwingilia. Kwenye bugi watu wote wanaita majina pamoja na mimi. Yeye akasema majina ya wapigaji hayauzi, akabandika wimbo wa polepole upande wa pili. Na kwenye lebo? "Kilima Sounds", jina la bendi. Basi! Hata jina la mwimbaji hakuna. Hilo lilinikaa kooni.

Nimekwenda posta leo hii hii, sikumwuliza mtu. Telegramu: WEKA YOTE. MAJINA YOTE. ANDIKA LAKER.

Yule wa dirishani amenisomea kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Nilisimama wima kama afande.

Ijumaa, 21 Januari

Mazoezi hapa kwetu, nyuma ya nyumba. Nimewaambia. Okullo amepiga kelele mpaka mtawa wa hospitali akachungulia uani. Ongom amekaa anaisugua tarumbeta yake kwa kitambaa, lakini tabasamu limemshinda. Anselme, ndugu yetu wa Bukavu kule Kongo, amesema sasa hata mama yake atasikia jina la mtoto wake.

"Dada, ile disque iko muzuri sana. Batu batajua ni miye napiga."

Odur — huyu ni wangu, baada ya Pasaka ndugu zake wanakuja kwa Mama kuposa — amecheka polepole kama kawaida yake. Yeye na Ongom ni polisi, mchana wanapiga gwaride, Jumapili wanapiga fanki.

"Kule wakiita jina yangu, naitika na mguu," amesema. "Hapa naitika na besi. Mimi nataka hii ya besi."

Sijawahi kumpenda kama leo. Sitamwambia, atavimba kichwa.

Jumapili, 30 Januari

Bugi, Bwaise. Mvua, maji mpaka kizingitini, tumewekewa magunia ya mchanga mlangoni. Watu wamevua viatu wakacheza miguu mitupu! Nimeimba mara tatu. Sauti imeisha. Nimechoka, nalala.

Jumanne, 8 Februari

Imefika.

Nimeishika. Lebo nyekundu, maandishi meusi: LAKER NA KILIMA SOUNDS. Chai Bado Moto, Sehemu ya Kwanza. Unageuza — Sehemu ya Pili. L, A, K, E, R. Nilisoma mara nyingi kama mtu anayejifunza kusoma.

Nafuna ameweka spika nje ya kibanda. Upande wa kwanza watu walitikisa vichwa. Upande wa pili, ilipofika "Odur, lete kikombe!" na besi ikaingia, stendi nzima ikapiga kelele. Makondakta wanaitana kwa majina yetu! Mzee mmoja Muganda amenisogelea, kofia mkononi, ananiita bibi kwa Kiganda na kugeuza L yangu kuwa R.

"Nyabo, wewe ndiyo Raker? Bambi! Sauti kubwa, na mwiri mudogo hivi!"

Vijana wamenunua ya soul ya Kiamerika iliyotoka mwezi huu? Hapana. Wamenunua yangu. Za Waamerika zimebaki ukutani zinatazama.

Jioni Mama ameomba kuiona. Hajui kusoma. Ameniuliza jina la baba yangu wapi, nikamwambia hapa ni langu tu. Ameligusa kwa kidole. Baba alikuwa koplo wa polisi, alitulea kwenye Kiswahili cha kambi, ndiyo maana naimba hivi na naandika hivi. Angekuwa hai angeipeleka sahani kantini akawalazimisha wote wasikilize.

Alhamisi, 17 Februari

Redio inasema ajali ya gari. Wakubwa watatu waliokamatwa jana wamekufa, mmoja mkuu wa Kanisa, Mwacholi kama sisi.

Hakuna jirani aliyetoka nje. Mama amewasha mshumaa, akazima redio. Ajali!

Jumamosi, 19 Februari

Santina, mke wa Ongom, amekuja hana viatu. Anakaa kambini na mumewe. Alikuwa anaanika nguo wakati wa gwaride la asubuhi, ameona yote.

Wamekuja wageni, watu wa usalama wenye miwani myeusi, na lori. Afande amesoma majina kwenye karatasi. Majina yote ya kwetu — Acholi na Lango, hakuna mwingine. Anayeitwa anatoka mstarini, anapanda lori. "Ongom!" Na Ongom akasema "Afande!", akapiga mguu, akaenda. Lori limeondoka. Hakuna anayejua lilikokwenda.

"Odur!" wameita. Kimya. Wameita tena. Hakuwemo mstarini.

Kitanda chake kimetandikwa vizuri, anasema Santina. Besi yake nimeikuta kwa Anselme. Hakuniaga! Nimemkasirikia mpaka nimepiga ngumi ukuta. Kisha nikafikiri: angekuja kuniaga wangempata njiani. Odur, kimbia. Kukasirika nitakasirika mimi, wewe kimbia tu.

Okullo hayupo pia. Si polisi, lakini ni mtu wa Lango. Nyumba imefungwa, watoto hawapo.

Jumanne, 22 Februari

Tumegombana, mimi na Nafuna. Miaka yote hatujagombana.

Nimemkuta kibandani ametoa sahani zangu zote rafuni, amezifunika kwa gunia chini ya meza. Ana msumari mkononi.

"Laker, sikia mimi. Hii upande ya pili ni majina ya watu wanatafutwa. Odur, Ongom, Okullo, moja moja, na wewe unaita na sauti kubwa! Mimi nakwaruza hii upande, ile ya kwanza inabaki. Wakati ikipoa tunatoa ingine."

Nimemnyang'anya msumari. Nimemwambia hiyo ni sauti yangu, asiiguse.

"Na jina yako? Si iko kwa lebo? Watakuja kwako, nyabo. Halafu watakuja kwangu."

Ni kweli. WEKA YOTE — nani aliandika, si mimi? Naogopa. Naandika tena ili nisijifanye: naogopa sana. Lakini kila nikijiuliza kama ningeandika telegramu nyingine, jibu ni lile lile. Wapigaji wangu ndio bora Kampala. Ningewaita tena.

Mama anasema niimbe, lakini nibadilishe majina, niite ya Wakongo peke yake, kama Anselme. Nilipoondoka kibandani nilimrudishia Nafuna msumari wake, lakini sahani hakuzikwaruza.

Jumatano, 23 Februari

Santina amepitia hapa kutoka kanisani, majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso. Amezunguka vituo vyote vya polisi na chakula cha Ongom kwenye sufuria. Kila mahali: hayuko hapa, mama, nenda pale.

Hakukaa. Amesimama karibu na gramafoni.

"Weka pale unaita yeye."

Nimefunga madirisha, nimeweka sauti chini. "Ongom, lete kikombe!" Tarumbeta ikaingia, ile inapanda kidogo, inateleza, inacheka mwishoni. Ni yeye kabisa. Ongom haongei, lakini tarumbeta yake ina mdomo.

"Tena," amesema. Nimerudisha sindano. "Tena."

Mama alitoka nje asimwone akilia. Santina hakulia. Amechukua sufuria yake, amesema kesho anajaribu upande wa gereza la jeshi, Makindye, akaenda. Mimi ndiye niliyelia, na katikati ya kulia nikajivuna. Bwana wa studio alisema majina hayauzi. Hakumwona Santina.

Ijumaa, 25 Februari

Muuza samaki wa Ggaba ameleta samaki wawili, ngege, hatukuagiza. Amengoja Mama aingie ndani, akaninong'oneza. Okullo yuko kule! Amenyoa ndevu na nywele, anabeba makreti ya samaki mwaloni, ufukoni mwa ziwa, watoto wako salama. Juzi mwenye hoteli pale amepiga sahani yetu, na vijana wakaanza kupiga drams zake juu ya makreti. Wanakosea! Okullo ilibidi akalie mikono yake asiende kuwafundisha.

Ujumbe wake: "Mwambie Laker asikate kitu."

Nimecheka kwa sauti mara ya kwanza tangu lile lori.

Habari za Odur hakuna. Si mpakani Busia, si popote. Kila mlio wa lango natoka kuangalia.

Jumapili, 27 Februari

Naandika haraka, nimekaa juu ya kreti la soda kwenye stoo nyuma ya ukumbi, Bwaise. Mapumziko. Mama hakuniaga, ni Kwaresima na mimi naimba. Lakini mwenye ukumbi alisema bendi isipokuja leo wataulizwa kwa nini, na sisi pia. Kwa hiyo tumekuja. Anselme na gitaa. Jean-Pierre, binamu yake, ameshika besi ya Odur. Drams tumeazima mtu. Tarumbeta hakuna.

Sehemu ya kwanza tumeipiga vizuri. Sijawahi kuimba vile. Nilipofika pale pa majina nikamwashiria Anselme tufunge, tukafunga. Watu wakanung'unika.

Mbele kabisa amekaa kapteni mmoja na mkewe. Mke anajua maneno yote, nimemwona midomo ikienda. Sasa hivi mtu wake amekuja hapa stoo, miwani ndani ya nyumba.

"Kapteni anataka sehemu ya pili. Vile iko kwa sahani. Majina yote."

Nimemtazama usoni nijue ni mapenzi ya muziki au ni kitu kingine. Haijulikani. Labda kapteni mwenyewe hajui. Ameondoka bila kungoja jibu.

Nafuna amekuja mbio kutoka mlangoni. Amenishika mikono yote miwili. "Ita Anselme, ita Jean-Pierre, kwisha! Nani atajua?"

Ukumbi mzima utajua. Wana sahani nyumbani.

Anselme ana wazo lake. "Dada, weye ita bote. Miye nitaitikia kwa gitaa, kwa kila mutu. Batu hawatasikia pengo."

Ni moyo mzuri, Mungu ambariki. Nimemwambia hapana. Gitaa ni la Anselme, liitike jina la Anselme. Nikiita Odur, Jean-Pierre atoe mikono kwenye nyuzi. Nikiita Ongom, asipige mtu. Nikiita Okullo, hata drams zinyamaze, mipigo minane mizima, na mimi nitahesabu kwa mguu. Nafasi ni zao. Niliwapigania nafasi hizo tangu utepe ulipokatwa na sitampa mtu mwingine akae humo.

Jean-Pierre amenywea. Ameuliza, na kapteni akikasirika? Nimesema ameomba mwenyewe vile ilivyo kwenye sahani.

Nafuna ameniachia mikono. Amenifunga kitambaa cha kichwa upya, kilikuwa kimelegea, akakikaza mpaka ngozi ya paji ikavutika. Kisha akasema, "Simama mbali na mlango wa mbele. Huu wa nyuma nitauacha wazi."

Anselme ameshapanda. Nasikia gitaa. Wanapiga miguu sakafuni, "Chai! Chai!", maji ya mvua ya leo yanaruka. Na bado — niandike? — bado najivuna. Wimbo ni mzuri. Hata sasa ni mzuri.

Jean-Pierre ananiita. Naanza na Odur.